Usiiuze bado mikarafuu ya Mtambwe

Chake Chake, Jumatano usiku

Salma mwenzangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mvua haijatupa nafasi wiki hii, Bi Time na goti lake ni vile vile, na Mama anakusalimu sana. Naandika mbio mbio kwa sababu Hamadi anakuja huko na boti ya kesho na nimemwambia asilale kabla ya kupita hapa kuchukua bahasha.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Juzi uliponiambia unauza mikarafuu ili utengeneze ile programu yako ya simu ya kuhifadhi habari za matibabu, nikasema "subiri kwanza", simu ikakatika, na mpaka leo sijui ilikatika yenyewe au uliikata. Tangu hapo nina kitu kimenikaa kooni. Halafu jana Faki kapita dukani kaniambia dalali keshapelekwa kuitazama mikarafuu ya marehemu baba yako kule Mtambwe. Salma! Mkarafuu unaupanda, unaupalilia, unaungoja miaka sita, saba, hata minane ndipo uone karafuu ya kwanza. Ukishauza, hununui mwengine ukaupata leo. Nakuomba usitie saini popote mpaka uyasome haya yote, na ukishayasoma bado una hasira na mie, nipigie unigombeze.

Kazi uliyonipa, ya kuwauliza wagonjwa kuhusu hiyo programu, nimeifanya. Wiki tatu, kila siku ya kliniki ya presha na sukari, nimekwenda kukaa kwenye benchi na wagonjwa kabla ya zamu yangu ya duka la dawa. Nimezungumza na watu wengi kuliko nilivyotaraji, kinamama zaidi.

Nianze na hesabu yako, maana ndiyo iliyonitia khofu. Umechukua watu 1,889,773 wa Zanzibar nzima katika sensa ya 2022, ukasema hata asilimia moja tu wakilipa shilingi 1,000 kwa mwezi, ni karibu milioni 19 kila mwezi. Hiyo asilimia moja ni akina nani? Wanakaa wapi? Jina la mmoja wao unalo? Katika hao milioni na laki nane na zaidi wamo watoto wa chekechea, wamo vijana wa miaka ishirini ambao hospitali wanaijua kwa kwenda kutazama wagonjwa, wamo wazee wenye kitochi kisichopiga hata picha. Mtu mzima wa afya yake hana kumbukumbu ya kuweka, na hatoi pesa kwa ajili ya ugonjwa ambao hajaupata. Usihesabu vichwa, hesabu madaftari ya matibabu.

Siku mbili za mwanzo niliuliza vile ulivyoniandikia: "Ikiwepo programu ya simu ya kuhifadhi habari zako zote za matibabu, utaitumia?" Wote wakasema ndiyo. Wote! Inshaallah, mwanangu, jambo zuri hilo, Mungu awasaidie. Nikarudi nyumbani nimefurahi mpaka nikataka kukupigia. Usiku nikawa nawaza: hawa ni watu wetu, nani atamvunja moyo mtoto wa mwenzake aliyemkalia ubavuni asubuhi kwa heshima? Ile "ndiyo" yao ilikuwa dua, haikuwa ahadi ya kununua. Kwa hiyo siku ya tatu nikabadilisha. Nikaanza kuuliza yaliyopita tu. Daftari lako liko wapi sasa hivi? Lilishawahi kupotea? Lilipopotea ulifanya nini? Ilikugharimu kiasi gani?

Hapo ndipo watu walipofunguka. Mama mmoja kafungua kitambaa, ndani mna madaftari manne ya shule yameshonwa pamoja kwa uzi, la mwanzo halina tena jalada. Mwengine daftari lake liliingia maji ya mvua, wino wote ukatoka, kaanza upya na daktari akimuuliza dawa alizotumia anasema "vile vidonge vyeupe vidogo". Mzee mmoja wa Konde halijui kabisa daftari lake lilipo, anayejua ni mkwe wake. Na wengi, sikiliza hili, wengi wanapotoka kwa daktari humpa mjukuu simu apige picha ukurasa, aitume WhatsApp kwa mtoto aliyeko Unguja au Muscat.

Ndiyo mshindani wako huyo. Ile kampuni ya Dar uliyokuwa ukiiogopa mie sikuiona kwenye benchi. Mshindani wako ni picha ya WhatsApp, nayo watu hawailipii kitu zaidi ya bando ambalo wanalo tayari. Lakini nilimuuliza binti mmoja anitafutie kipimo cha sukari cha mama yake cha mwaka jana. Kapandisha, kapandisha, kapita maua ya Jumaa Mubarak, kapita picha za harusi, kapita sauti za watu, mwisho kasema, "Dada, ngoja niende dirishani nimeitwa." Hakukipata. Pale ndipo pana nafasi yako, Salma. Si kwenye milioni 19.

Ngoja nikwambie kwa nini hili jambo limenishika hivi, maana hukuwepo na sikukuhadithia lote. Mama alipopewa rufaa ya kuja Unguja ile mara ya pili, tuliondoka kwa haraka na daftari likabaki kwa Mamkubwa. Tulipofika, katika hospitali moja huko, walimuuliza dawa anazotumia, mie nikataja mbili nikasahau ya tatu. Vipimo alivyofanyiwa Chake wiki iliyopita vikarudiwa vyote, kwa pesa. Na usiku kaandikiwa dawa ile ile iliyomvimbisha midomo mwaka wa nyuma yake. Daktari wa kule hakuwa na kosa, angejuaje? Lilikuwa limeandikwa, kwa wino mwekundu, kwenye daftari lililokuwa juu ya kabati. Nilimwona Mama macho yanaanza kuziba. Alhamdulillahi muuguzi alikuwa karibu. Mie nauza dawa kila siku, Salma, nawauliza watu kila siku "una dawa inayokudhuru?", na ya mama yangu mzazi sikuikumbuka. Kwa hiyo usidhani nasimama njiani. Hicho kitu nakitaka kiwepo kuliko unavyokitaka wewe.

Lakini tazama waliotangulia. Google walikuwa na kitu kama hiki, Google Health, walikitoa 2008 na mwanzoni mwa 2012 wakakifunga kwa sababu watu hawakukitumia kwa wingi. Microsoft nao walikuwa na HealthVault tangu 2007, wakaifunga 2019. Hawakukosa pesa hao, wala wataalamu. Kubwa lililowaponza, kwa nilivyosoma, ni kwamba mgonjwa alitakiwa aingize mengi mwenyewe kwa mkono, na mwenye afya yake hakuona haja, na mgonjwa hakuwa na nguvu. Sasa nambie, kama kule Marekani walichoka kuandika, Bi Mize wa Tibirinzi ataandika?

Kwa hiyo nani ataandika, na nani atalipa? Hapo nimezunguka sana. Mgonjwa halipi. Anayelipa ni yule aliyeko mbali. Mtoto aliyeko Muscat anayetuma pesa ya dawa kila mwezi na hajui kama zimenunuliwa, na presha ya mama imepanda au imeshuka. Yeye ndiye asiyelala. Nilimpigia Kombo aliyeko nje nikamuuliza, bila ya kumtajia wewe, angelipa kiasi gani kuona kwa mpangilio vipimo vya baba yake vya miezi sita. Kanitajia pesa kabla sijamaliza swali, na swali lake la pili lilikuwa "lini?" Huyo mmoja kwangu ana uzito kuliko zile "ndiyo" zote za kwenye benchi. Programu yako ifunguliwe na mtoto, ijazwe kwa picha ya ukurasa, na kazi yako iwe kuisoma hiyo picha na kuipanga: tarehe, presha, sukari, dawa, na dawa inayomdhuru. Mjukuu anapiga picha tu, kama anavyofanya sasa.

Na wapo wengine nimewafikiria usiku. Mahujaji. Kila mwaka wazee wetu wanakwenda, lazima wawe na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, wengi wana presha na sukari, na kiongozi wa kikundi anabeba makaratasi ya watu wote kwenye mkoba mmoja. Ni watu wachache, wana tarehe inayojulikana, na wanaolipa safari ile kuongeza kidogo si tatizo. Anza na kikundi kimoja. Sheikh Shaame anamjua mtu.

Serikali pia usiisahau. Wale wahudumu wa kujitolea wa ule mpango wa afya wa Jamii ni Afya wanapita majumbani na simu zao, wanaandika habari za wajawazito na watoto wadogo. Kwa hiyo kadi ya kliniki ya mtoto iache, hapo pameshakaliwa. Na Mfuko wa Huduma za Afya ulioanza 2023 nao una kumbukumbu zake za wanachama. Usipigane nao, uliza kama siku moja mtaweza kuzungumza. Mwanasheria pia mtafute mapema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na habari za afya zimo katika zile nyeti. Mwulize inatugusa vipi huku Zanzibar, usije ukaambiwa baadaye.

Kuna hili moja ambalo vijana wako wa Fumba wa kukutengenezea programu hawatalifikiria, maana wote ni wanaume. Binti mmoja, baada ya kila mtu kuondoka, kanivuta pembeni kaniuliza: "Na mume wangu akiishika simu ataona?" Hakusema ataona nini, na sikumuuliza. Simu ya nyumba nyingi huku si ya mtu mmoja. Daftari unaweza kulificha chini ya godoro, lakini simu inashikwa na mume, na mtoto anayecheza michezo, na wifi. Kama mwanamke hawezi kuweka ukurasa wake ukafungwa kwa neno lake la siri, hata yule mtoto wa Muscat asiuone, basi ataficha mambo yale yale ambayo daktari anahitaji kuyajua. Lishughulikieni kabla ya rangi na nembo.

Sasa narudi Mtambwe, samahani, siwezi kutoka huko. Haya niliyokuandikia kuyajaribu hakuhitaji shamba. Kunahitaji wewe, mie, familia kumi ambazo mtoto yuko nje, na miezi mitatu. Picha zije kwako kwa WhatsApp hiyo hiyo, uzipange kwa mkono wako kwenye kompyuta, umtumie mtoto karatasi moja safi kila mwisho wa mwezi, na umtoze. Wakilipa mwezi wa pili bila ya kukumbushwa, mie mwenyewe nitakutafutia mtu wa kuikodi mikarafuu msimu mmoja, upate pesa na miti ibaki yako. Wasipolipa, umepoteza miezi mitatu tu. Familia nne nimeshazipata, pamoja na Kombo.

Sasa nijibu. Dalali umempa neno au umempa karatasi? Kaka zako wanajua? Wale vijana wanataka malipo yote mwanzo, au wanaweza kungoja? Uliwahi kumuonyesha daktari yeyote, na akaangalia kweli au katikisa kichwa tu? Asha kajifungua? Umezinunua zile dawa zako au bado unasahau? Na juzi ile simu, Salma, ilikatika au uliikata?

Hamadi anabisha hodi. Nipigie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Raya