Kamera za mtaani: tuulize kwanza zinatazama wapi

Mhariri,

Kuanzia Nyali hadi Tudor na Bamburi hapa Mombasa, mikutano ya wakazi wa magorofa na mitaa yenye geti huishia kwenye ugomvi mmoja: kamera za CCTV zifungwe au zisifungwe? Wanaozitaka hutaja wizi wa pikipiki. Wanaozipinga hutaja sitara. Mchango hupitishwa, fundi wa bei rahisi huitwa, na hakuna aliyeuliza kamera zitatazama wapi.

Wanaolilia sitara wana hoja. Kamera ya korido iliyoelekezwa kwenye milango ya watu humnasa mama aliyetoka kuanika nguo bila buibui akijua yuko kwake, na picha hiyo huenda iko kwenye simu za wanakamati watano. Dawa yake ni nyepesi. Kamera ielekezwe kwenye ngazi na lango, si milango wala roshani. Pasipoepukika, rekoda nyingi (mashine zinazohifadhi picha) zinaweza kuziba sehemu ya picha kwa kisanduku cheusi, kazi ya dakika chache. Maikrofoni izimwe kabisa. Siku ya kukabidhiwa kazi, wakazi waoneshwe picha ya kila kamera, mchana na usiku.

Kuhusu wizi, kamera nyingi zilizofungwa hazimtambui mwizi. Lenzi ya milimita 2.8 hutazama upana mkubwa, kwa hiyo hata kamera ikiwa ya megapikseli 4, uso hutambulika vizuri hadi kama mita 4 tu. Kupita hapo utaona mtu na shati lake, basi. Ikipandishwa mita 5 kwa kuogopa isiibwe, itarekodi kofia na vilemba. Kwenye geti weka lenzi ya milimita 6, inayotazama upana mdogo na kuuvuta uso karibu, kimo cha mita 2.5 hivi, na usiielekeze panapochomoza jua, ama kila anayeingia asubuhi ataonekana kivuli cheusi.

Diski ya kuhifadhia picha nayo hupunjwa. Kamera 8, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde, hula takriban jigabaiti 345 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa siku ya tatu, na rekoda huanza kufuta za mwanzo. Mkazi aliyeibiwa Ijumaa akarudi safari Jumatano hakuti kitu. Terabaiti 4 hufikisha kama siku 11. Zaidi ya hapo iwapo rekoda inarekodi panapokuwa na mwendo tu. Siku 14 hadi 30 zatosha. Kuweka picha za majirani mwaka mzima ni kujitafutia balaa.

Halafu kuna pwani yenyewe. Upepo wa kusi huleta chumvi inayokula plagi na skrubu, kwa hiyo maungio yote yakae ndani ya visanduku visivyopenya maji, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Waya uwe wa shaba tupu. Ule wa alumini iliyopakwa shaba hufanya kazi vizuri mchana, kisha usiku taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, wa kuonea gizani) zinapowaka na kuhitaji umeme zaidi, kamera ya mwisho wa mtaa huzimika. Watu husema kamera ni mbovu. Mbovu ni waya. Na buibui (wa miguu minane, si wa kuvaa) hupenda kusuka mbele ya lenzi, utando ukaakisi infraredi na picha yote ikawa nyeupe. Ufagio mara moja kwa mwezi watosha. Rekoda iwe na betri ya akiba kwa ajili ya stima kupotea, na saa yake ikaguliwe kila baada ya umeme kurudi, maana picha yenye saa ya uongo hupingwa kirahisi mahakamani. Huko, Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, hudai pia cheti cha anayesimamia mtambo.

Kamati zikumbuke Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Chini ya kanuni za 2021, anayeendesha kamera za ulinzi ni miongoni mwa wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata shughuli yake ikiwa ndogo, na picha zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wakazi, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72. Bango la kuwajulisha wageni liwekwe getini, kwa Kiswahili.

Jambo la mwisho husahaulika kila mahali. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, fundi asibaki nayo, na mwanakamati anapohama au kuondoka kwenye kamati, simu yake iondolewe kwenye mtambo siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wawili.

Fundi wa mitambo ya ulinzi,
Tudor, Mombasa