Kikao cha Jumamosi: hadithi zetu za Bertie na Jeeves

Habari za jioni ndugu wanakikundi,

Kikao chetu cha hadithi tunazoandika wenyewe kuhusu Bertie, kijana tajiri, na Jeeves, mtumishi wake mwerevu (wahusika wa mwandishi Mwingereza P. G. Wodehouse), kipo palepale, nyumbani kwa mhazini wetu hapa London, ila muda umebadilika. Tutaanza saa 9 alasiri badala ya saa 8.

1. Hadithi zinifikie kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, zisizidi maneno 1,500. Sharti letu ni lilelile: vita isiingie. Rasimu mbili nilizopokea zimempeleka Bertie jeshini. Zimeandikwa vizuri mno, lakini naomba waandishi wake wamrudishe nyumbani. Kumbukeni kwamba Wodehouse mwenyewe alikamatwa na Wajerumani huko Ufaransa mwaka 1940, akazuiliwa karibu mwaka mzima. Hata hivyo, riwaya ya Jeeves aliyoiandika miaka hiyo, ikachapishwa 1946, bado inahangaika na uchumba wa Bertie tu. Mimi naona huo ni ujasiri, na ndio ninaotaka tuulinde. Shangazi wakali wanatosha kuwa adui.

2. Mchango ni pauni 5, za kuchapa vijitabu. Mpeni mhazini kabla ya Ijumaa. Ambaye mwezi umembana aniandikie pembeni, na aje bila wasiwasi.

3. Chai ipo. Natafuta wawili wa kuleta maandazi.

Tafadhali jibuni hapa kabla ya Jumatano usiku: "Nakuja" au "Sitaweza", pamoja na jina la hadithi yako.

Karibuni sana.