Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, naomba unirudishie neno langu

Shikamoo Mheshimiwa. Najua uko bize na barua za wanafunzi zinaishiaga kwa masekretari, ndo maana hii nimeamua kuiweka wazi, atakayeisoma kabla yako akuambie.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma hapahapa Mwanza mambo ya sanaa na jamii, na ili nimalize lazima nifanye utafiti. Kichwa cha utafiti wangu kilikuwa "Utambulisho, pengo la kipato na mgogoro katika vijembe vya wanawake waanika dagaa". Kilikuwa, narudia, kilikuwa. Maana si unajua mlolongo wetu, unatoka na barua ya chuo unapita ofisi hii na hii mpaka kwa mtendaji wa kata ndo ufike mtaani, sasa kwenye ofisi moja hapo katikati (siitaji na wala usiitafute) mtumishi akaisoma barua taratiiibu, akachukua kalamu ya bluu, akakata mgogoro, juu yake akaandika changamoto. Akaniambia binti, hapa kwetu hakuna mgogoro, tuna amani, ukiandika hivi wakubwa wataniuliza mimi. Nikasema sawa baba. Muhuri ukagongwa. Nikatoka na kibali cha kwenda kutafiti changamoto.

Sijamchukia. Ni mtu mzima anayelinda ugali wake, hata mimi ningekuwa na watoto watatu shuleni pengine ningekata hilohilo neno. Lakini ngoja nikwambie nilichokuta huko mwaloni.

Ni mwalo mdogo tu, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nje ya mji, siyo ule mkubwa wa Kirumba. Dagaa zinavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu watu wanalala, kwa hiyo kipindi cha giza asubuhi pale ni vita. Mitumbwi ikifika, wa kwanza kupimiwa ni wanunuzi wenye hela mkononi, wale wanaopakia maroli, halafu ndo wanabaki kina mama ambao hawana mtaji, wanachukua kwa mkopo kwa tajiri mwenye mtumbwi, wanaanika, wakiuza wanalipa. Sasa ikinyesha! Dagaa zikishalowa ndo basi, zinaoza au zinaenda kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, ila deni linabaki vilevile kama vile jua liliwaka. Mvua Mheshimiwa naikubali ni changamoto, haina mwenyewe, huwezi kuiita kikaoni. Deni lina watu wawili. Kuna anayedai na kuna anayedaiwa, na kuna aliyepanga kwamba hasara ya mvua ibebwe na mmoja tu. Hilo ukiliita changamoto umeshamtoa mmoja kwenye picha, na siku zote anayetolewa ni yule mwenye mtumbwi.

Kuna mama mmoja pale, akiniona tu ananisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mwanangu, njoo ukae kivulini. Huyu siku tatu mfululizo alisimama mbele ya kijana wa tajiri, yule mwenye daftari, amejifunga kanga ileile imeandikwa "Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni". Hakusema neno. Siku ya tatu yule kijana akamfokea kavae nyingine. Mama akaenda nyuma ya mawe akarudi kaigeuza ndani nje, maneno yakawa yanaonekana kinyumenyume, na mwalo mzima ukacheka maana kila mtu alishayajua kwa kichwa. Nilikuwa na dodoso la maswali 22, hakuna hata moja ambalo lingenipa kile nilichokiona pale kwa dakika tano.

Na habari ya utambulisho nayo. Baada ya sensa ya 1967 serikali yetu haijawahi kumhesabu mtu kwa kabila lake, na mimi naona ni vizuri, tusirudi huko. Pale mwaloni pia hakuna anayekuuliza, Mkerewe, Mjita, Mkara, Muha, Msukuma wote wanavuta wavu mmoja. Ila ugomvi wa bei ukianza tu lafudhi ya mtu ndo inakuwa ya kwanza kuchekwa, mshamba wewe, kama vile wachekeshaji wa kwenye simu wanavyofanya, wakitaka mtu mjinga kwenye kichekesho wanampa Kisukuma chetu. Mtu akishaitwa mshamba hesabu yake ya madeni hakuna anayeisikiliza tena. Tofauti ya kipato inajificha humohumo kwenye utani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba eti neno mgogoro linatutisha sisi, watu wa huku! Sisi ndo wenye Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19, walibishana dawa ya nani kali, na mpaka leo wafuasi wao wanabishana kwa ngoma, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja na watu wanahama huku na huku, atakayevuta umati mkubwa ndo kashinda. Hapo Bujora, Kisesa, padri David Clement kutoka Kanada aliianzishia sikukuu ya Bulabo miaka ya 1950, na kila mwaka mwezi wa sita viongozi wanaalikwa wanakaa mbele wanapiga makofi. Mgogoro ule una jukwaa na vumbi na nyoka na fisi ndani yake, na hakuna anayesema uitwe changamoto. Wa kina mama wa dagaa umekosa nini?

Ninachoomba ni kidogo. Waambie watumishi wa mkoa wakague usalama wetu, wakague kama tumemuomba mtu ridhaa kabla ya kumhoji, wakague kama tunadanganya, hiyo ndo kazi yao. Maneno ya kichwa cha utafiti watuachie sisi na walimu wetu. Na ukitaka kutubana, tubane hapa, tutakiwe kurudi kuwasomea watu matokeo kwa Kiswahili, palepale mwaloni, maana ripoti zetu zinaandikwa kwa Kiingereza zinalala maktaba na yule mama ameshaniuliza mara mbili, mwanangu yale uliyokuwa unaandika yalifikaga wapi.

Jumatatu naenda tena ile ofisi. Nimeprinti barua mpya, neno liko palepale, mstari wa pili.

Wabeja sana,
Mwanafunzi, Igoma