Taa zinazowaka mchana zinakula kodi yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme juu ya umeme unaolipiwa kwa fedha za umma. Nimefanya ufundi umeme hapa Mbeya miaka mingi, sasa nimestaafu, lakini kila nikipita barabarani saa nne asubuhi macho bado yanapanda kwenye nguzo zenyewe.

Watu wakiona taa ya barabarani inawaka na jua limeshatoka hudhani kuna mtu amesahau kuizima. Hakuna mtu. Juu ya taa, au kwenye boksi la kuwashia, kuna kifaa kidogo cha kuhisi mwanga, mafundi tunakiita fotoseli. Nyingi zimetengenezwa hivi: fotoseli ikifa, taa ibaki inawaka, ili barabara isiingie giza. Kwa hiyo taa ya mchana inakuambia kuna kifaa kimekufa, nacho si cha bei kubwa. Pengine hakijafa, kimefunikwa na vumbi la kiangazi tu kikadhani bado ni usiku. Hapo kitambaa chenye maji kinatosha.

Taa ya zamani ya sodiamu ya wati 250 ikiwaka saa 12 inakula uniti 3. Ikiunganisha na mchana, 6. Ukiweka ya LED ya wati 100, usiku mzima inakula uniti 1.2. Badilisha taa 100 tu: kila usiku umeokoa uniti 180, na mwaka ukiisha ni uniti 65,700. Kila mwenye LUKU nyumbani anajua bei ya uniti moja, azidishe mwenyewe. Jiji la Los Angeles kule Marekani lilianza kazi hiyo mwaka 2009, likabadilisha taa zipatazo 140,000, na umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya nusu.

Majengo nayo yana habari yake. Julai moja niliingia ofisi ya umma, sitaitaja, nikakuta hita ya wati 2,000 chini ya meza na dirisha la luva limepungukiwa vioo viwili. Hita hiyo ikiwaka saa 8 inamaliza uniti 16. Kwa umeme huo taa ya wati 10 ingewaka saa 1,600! Mtumishi simlaumu, baridi yetu ya mwezi wa saba inaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini vioo viwili vinanunuliwa mara moja, na LUKU inanunuliwa kila wiki. Na fedha ya halmashauri inatoka wapi? Inatoka kwenye leseni ya mwenye duka, na kwenye ushuru wa mama anayeuza viazi sokoni tangu alfajiri. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Ninavyoona mimi, watu hawajali kwa sababu hawaoni. Mita moja inalisha majengo matano, umeme ukiisha mhasibu ananunua mwingine, basi. Kila jengo lifungiwe mita yake ndogo, na hesabu ya uniti isomwe kwenye baraza la madiwani kama inavyosomwa hesabu ya mapato.

La pili ndilo gumu zaidi. Idara ikibana matumizi, bajeti yake ya mwaka unaofuata hukatwa, kwa hiyo nani atahangaika? Jiji la Stuttgart, Ujerumani, lilipata dawa yake mwaka 1995. Lilitenga mfuko wake lenyewe. Idara inakopa humo bila riba, inabadilisha taa au pampu, kisha inarudisha mkopo kutoka kwenye fedha iliyookolewa kwenye bili. Mkopo ukirudi, mfuko unaikopesha idara nyingine. Halmashauri zetu za Mbeya, Iringa na Njombe haziwezi kushindwa kuanza na fungu dogo la mapato ya ndani, kwa jengo moja au barabara moja, mwaka ujao wa fedha.

Kwa upande wangu, kama diwani yeyote atapeleka hoja hii kikaoni, nitampa karatasi zangu za hesabu. Na vijana waliotoka VETA wakipewa ngazi na ruhusa, nitawaonyesha namna ya kupima na kubadilisha fotoseli bila kudai hata shilingi.

Fundi umeme mstaafu,
Mwanjelwa, Mbeya