Hayo matunguu ya yungiyungi usiyapande

Kisumu

Mpendwa Mama Achieng,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Barua yako imenifika, ukiniuliza kama upande waridi na yungiyungi pale mbele ya veranda, na jibu ni moja: hayo matunguu ya yungiyungi usiyapande, maadamu una paka.

Waridi lako halina neno. Yungiyungi lenyewe, lile linaloitwa Lilium, kila sehemu yake ni sumu kwa paka: jani, shina, tunguu, petali, hata maji ya chombo yalimokaa maua. Si lazima atafune. Akipita tu chini ya ua, ule unga wa rangi ya kutu humshika mgongoni, na akijilamba jioni ameshaumeza. Wanaokata zile nyuzi sita za unga zilizo katikati ya ua wanaokoa kitambaa cha meza kisipate madoa, si paka.

Ubaya wake ni kwamba sumu hii hudanganya. Saa za kwanza paka hutapika, hutokwa na mate, hukataa chakula. Kisha kutapika kunakoma, unadhani amepona, kumbe figo ndiyo kwanza zinaharibika. Anakunywa maji mno na kukojoa mno, halafu mkojo unakatika. Yote hayo ni ndani ya siku moja hadi tatu. Mbwa akilitafuna huumwa tumbo tu, kwa hiyo usimsikilize jirani atakayekuambia lake halijadhuru mbwa.

Majina nayo huchanganya, maana maua mengine nayo huitwa yungiyungi. Lile jeupe lililojikunja kama faneli, lenye kijiti cha njano katikati, linaloota penye majimaji, humchoma paka mdomo lakini figo haligusi. Lenye majani marefu kama nyasi yatokayo chini, ambalo kila ua huchanua siku moja na kunyauka, hilo ni Hemerocallis, na linaua vilevile. Lako utalijua kwa tunguu la magamba yaliyoachana, lisilo na ngozi ya nje kama ya kitunguu.

Ukimkuta na unga mwilini, mfute papo hapo kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, asipate nafasi ya kujilamba. Usimpe maziwa. Usimpe chumvi ili atapike, hiyo nayo humdhuru. Usingoje dalili: mpigie daktari wa mifugo, umuulize kabisa kama anaweza kumtundikia paka dripu, maana wengi wamezoea ng'ombe na kuku. Beba na kipande cha shina. Dripu ya siku mbili hadi tatu, ikianza kabla ya saa 18 kupita, huokoa wengi. Mkojo ukishakatika, tumaini ni dogo sana.

Matunguu hayo mpe mtu asiye na paka, ambaye hata majirani zake hawana. Paka haulizi ukuta ni wa nani. Pale mbele ya veranda jaza alizeti, hazina madhara kwake.

Msalimie Baba Achieng na watoto. Na nijibu upesi, nijue kama hujayafukia tayari.

Rafiki yako,
Mama Otis