Risala ya Klabu ya Anga kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Asteroidi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mwalimu mkuu na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya shule,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya wanafunzi wa Klabu ya Anga ya shule yetu ya msingi hapa Mbozi, tunakukaribisha kwa furaha na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tarehe kama ya leo, 30 Juni, mwaka 1908, gimba kutoka angani lililipuka juu ya msitu wa Tunguska huko Siberia, likalaza miti katika eneo la takriban kilomita za mraba 2,000. Kwa kumbukumbu hiyo, mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hii iadhimishwe duniani kote. Sisi watoto wa Mbozi tuna sababu yetu ya karibu zaidi, nayo iko Ndolezi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, muhula huu tulikwenda kukitazama kimondo. Wengi wetu tulikuwa tumekisikia tu kwa babu zetu, ambao walikijua kabla wageni hawajakiandika kwenye vitabu mwaka 1930. Kina urefu wa mita 3 hivi. Uzito wake wengine husema ni tani 12, wengine hukadiria 16. Karibu asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Mwalimu alitueleza kwamba vimondo vya chuma namna hii hutoka katika viini vya magimba yaliyowahi kuyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha yakagongana na kuvunjika. Mabaki ya namna hiyo, ambayo ndiyo asteroidi, bado yanalizunguka Jua kwa wingi kati ya Mirihi na Mshtarii. Dunia yetu nayo ina kiini cha chuma na nikeli, ila hicho hakuna atakayekifikia. Cha Ndolezi tulikigusa kwa viganja vyetu.

Tuliporudi tulitaka kujua kimetoka mbali kiasi gani. Tukaweka mpira wa miguu katikati ya goli, ukawa Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya ulezi, na inakaa mita 24 kutoka golini. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni gololi kubwa iliyo mita 123, nje kabisa ya uwanja. Neptuni ni punje ya mbaazi. Mwenzetu aliyeibeba alitembea mita 710, akapita nyumba za walimu, akapita kisima, tukawa hatumwoni tena. Na nyota iliyo jirani zaidi na Jua ingekuwa zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa, kuipita Cairo na kuvuka Bahari ya Mediterania. Siku ile hakuna aliyetaka kurudi darasani. Picha za vitabuni huzipanga sayari zote kwenye ukurasa mmoja kama mayai kwenye trei, na tangu siku ile hatuziamini tena.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunalo jambo moja linalotuumiza, na tunaomba utusikilize. Ni majina. Sayari iliyo karibu zaidi na Jua kitabu kimoja kinaiita Utaridi na kingine Zebaki. Wapo pia wanaolitumia jina hilohilo la Utaridi kwa Pluto, iliyo mbali huko baada ya Neptuni. Mshtarii wengine huiita Sumbula, ilhali Sumbula kwa wanajimu wa pwani ni kundi la nyota, halizunguki Jua hata kidogo. Katika jaribio moja wenzetu wawili waliandika majina mawili tofauti ya sayari ileile, kila mmoja akifuata kitabu alichosomea. Mmoja alipewa alama, mwingine akakosa. Alilia, na sisi tulimwonea huruma kwa sababu hakukosea.

Pluto yenyewe bado inaandikwa katika vitabu vingine kuwa sayari ya tisa. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliiweka katika kundi la sayari kibete mwezi Agosti 2006. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amezaliwa.

Kwa heshima kubwa tunaomba mambo mawili. La kwanza, utufikishie ombi letu kwa wanaohusika na vitabu, wakubaliane jina moja kwa kila sayari, na vitabu vya zamani virekebishwe. La pili, utusaidie kupata darubini ya mkononi, hata moja. Tumesoma kwamba inatosha kuonyesha miezi minne ya Mshtarii, ileile aliyoiona mwanaastronomia Galileo mwaka 1610, ikibadilisha nafasi usiku hata usiku. Kiangazi hiki anga la Mbozi ni safi, na wazazi wamekubali kutusindikiza uwanjani baada ya chakula cha jioni.

Baada ya risala hii tunakuomba usogee golini. Mpira uko tayari, punje ya ulezi iko tayari, na mwenye mbaazi ameshaanza kutembea.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imeandaliwa na kusomwa na wanafunzi wa Klabu ya Anga.