Kabla hujaishika ile mbao

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, isipokuwa presha ya mama yako, ambayo imepanda tangu alipopata habari ya safari yako kutoka kwa dada yako badala ya kuipata kwako. Hilo nimelisema na sitalirudia.

Kwamba fundi aliyekulia kwenye karakana yangu atakaa miezi sita Chantilly, Virginia, katika makumbusho ya Smithsonian, akijifunza kuhifadhi mbao za ndege za Wajerumani za Vita vya Pili vya Dunia, ni jambo ambalo imamu amekwisha kulijua, na muuza mbao wa Ngamiani pia, kwa hiyo usiseme sikufurahi. Lakini usingizi umenipungua, na sababu ni moja: una mkono mwepesi. Unashika kwanza, kuuliza kunafuata.

Nilimwomba binamu yako anisomee habari za mashine hizo. Alianza na Dornier Do 335, yenye rafadha mbele na nyingine nyuma, ambayo imebaki moja tu duniani. Wamarekani waliiteka, na mwaka 1974 wakaipeleka Ujerumani ili kampuni iliyoiunda iitengeneze upya. Mafundi wake walipoikagua walikuta baruti, iliyowekwa ili kurusha mkia na rafadha ya nyuma wakati rubani anapolazimika kuruka nje ya ndege, ikiwa bado imo ndani na bado ni hai baada ya miaka 30. Ni watu wangapi walikuwa wameuegemea mkia ule wakipiga soga? Nilimwambia binamu yako arudie kusoma pale.

Kisha ikaja Messerschmitt Me 163 iliyoko Dayton, Ohio, ndege ya roketi. Ilipokuwa ikitengenezwa upya nchini Kanada, ndani yake yalikutwa mawe yaliyosokomezwa kati ya tangi la mafuta na mikanda inayolishikilia, na dalili kwamba bawa liliunganishwa kwa gundi iliyochafuliwa, pamoja na maandishi ya Kifaransa ya kuipenda nchi yao. Walioiunda walikuwa Wafaransa waliolazimishwa kazi. Mimi siwalaumu hata kidogo. Ningekuwa wao ningetafuta jiwe kubwa zaidi. Lakini wewe unakwenda kutia mkono ndani ya vitu ambavyo pengine aliyeviunda aliomba vimuue anayevitumia, na hakuna aliyemwambia kwamba miaka 80 baadaye angekuja mwanangu.

Kuhusu gundi nisikilize kama fundi, usinisikilize kama mzee. Heinkel He 162 ilikuwa na bawa la mbao, na kiwanda cha Wuppertal kilichotengeneza gundi yake, iliyokuja kama karatasi, kilikuwa kimepigwa mabomu na Waingereza, kwa hiyo walioiunda wakatumia gundi nyingine yenye asidi iliyokula mbao polepole. Iliruka mara ya kwanza tarehe 6 Desemba 1944, na siku nne baadaye bawa likapasuka hewani, rubani Gotthold Peter akafa. Kiungo cha namna hiyo hakikuonyeshi ubaya wake kwa nje. Ukikibonyeza kwa kidole kujaribu, kama unavyopenda kufanya, umekwisha kukiharibu.

Sasa ile uliyonitumia picha, Horten Ho 229, isiyo na mkia, iliyobuniwa na ndugu wawili, Walter na Reimar Horten. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Yenyewe haijaruka kamwe. Wamarekani waliikuta Friedrichroda, Ujerumani, mwezi wa Aprili 1945 ikiwa haijakamilika. Iliyoitangulia ilianguka tarehe 18 Februari 1945 baada ya injini moja kuzimika, ikamuua rubani wake, Erwin Ziller. Plaiwudi yake naona imefumuka kwenye kingo kama kitabu kilicholowa, na najua unawashwa mikono kuirudisha ilivyokuwa. Usiirudishe. Ukikosea kabati, mninga mwingine upo. Hiyo haina ya pili. Uliza, uambiwe, ndipo ushike.

Huenda ukasema nasema sana kwa mtu ambaye karakana yake haikuwa salama. Ni kweli, na kwa kuwa tumefika hapo, kinga ya ile randa ya umeme haikutolewa na Juma, ingawa yeye ndiye aliyefukuzwa. Ilikuwa ikinichelewesha. Kidole chako umekizoea, nadhani.

Usibebe patasi za babu yako; watakupa zao, na uwanja wa ndege watakunyang'anya. Kabati la mwalimu uliloliacha bila milango nitalimaliza mwenyewe, kwa sababu alikwisha kutoa malipo ya awali, nawe hukuniambia. Mama yako anauliza kama sweta ya bluu itatosha kwa baridi ya Novemba. Mjibu yeye, si mimi.

Baba yako